Usiitafute, Iite: Vidokezo 10 vya Kuweka Kizinduzi cha Programu Kwenye Kompyuta Yako

Jumatatu moja asubuhi nilikuwa kwenye foleni ndani ya stesheneri moja hapa Gahanga, Kigali, kando ya barabara iendayo Nyamata. Mbele yangu alisimama mzee aliyekuja kuchapishiwa barua yake, ambayo aliiandikisha papo hapo Ijumaa. Dada mwenye duka akashika kipanya, msako ukaanza. Kioo cha kompyuta kilikuwa kimejaa aikoni ukingo hadi ukingo. Mimi kwa kukosa kazi nikazihesabu, nikafika 61. Dada akafungua moja, siyo. Akafungua nyingine, siyo. Mzee akachungulia nje, basi lake lilikuwa linapakia abiria. "Iko humu humu, muzehe, subiri kidogo tu." Barua ilipatikana, lakini basi lilikuwa limeshaondoka.

Simlaumu dada. Kompyuta zetu nyingi zimekaa kama nyumba ya mtu aliyehamia jana: kila kitu kimo na hakuna kinachoonekana. Dawa yake ni programu ndogo iitwayo kizinduzi, au lancha kama wasemavyo mafundi. Unabonyeza vitufe viwili, kisanduku cha kuandikia kinatokea katikati ya kioo, unaandika herufi mbili tatu za jina la unachokitaka, unabonyeza Enter, kinafunguka. Kipanya kinapumzika.

Jioni ile nilirudi dukani na fanta mbili, tukakaa na dada tukaipanga kompyuta yake. Haya ndiyo tuliyoyafanya, pamoja na mengine niliyojifunza kwa kukosea kwenye mashine yangu mwenyewe.

1. Kabla ya kununua chungu, angalia kilichoko jikoni

Huenda kizinduzi unacho tayari na hujawahi kukigusa. Kwenye Windows, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows kisha anza kuandika bila kubofya popote. Kwenye Mac, bonyeza Command pamoja na kitufe kirefu cha nafasi. Hiyo ni Spotlight, na imekuwamo kwenye kompyuta za Apple tangu 2005. Kwenye Ubuntu, kitufe hicho hicho chenye nembo kinafungua ukurasa wa kutafutia.

Kitumie siku tatu. Kama kinakuletea unachotaka, umemaliza, nenda moja kwa moja kidokezo cha 6. Kama kinakuchanganyia matokeo ya intaneti na matangazo huku wewe ukitafuta kikokotoo tu, endelea kusoma.

2. Chagua kimoja, tena chepesi

Ukipata nafasi pita uwanja wa kriketi wa Gahanga, ule uliofunguliwa mwaka 2017, uyatazame matao ya jengo lake. Yamejengwa kwa vigae vyembamba vya udongo wa hapa hapa nchini, na yamesimama kwa sababu ya umbo, si kwa sababu ya unene. Kizinduzi kizuri ni hivyo hivyo. Hakitakiwi kula kumbukumbu ya mashine, hasa kama una laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4.

Kwenye Windows, PowerToys ya Microsoft ni ya bure, na ndani yake mna PowerToys Run iliyotoka mwaka 2020, pamoja na mdogo wake mpya aitwaye Command Palette. Kumbuka tu kwamba PowerToys ni kapu la zana nyingi. Ukishaisakinisha, ingia kwenye mipangilio yake uzime zote usizozihitaji. Flow Launcher nayo ni ya bure, na imeelekezwa kwenye kazi hii moja.

Kwenye Mac, Spotlight inawatosha wengi. Wanaotaka zaidi huchukua Alfred au Raycast. Kwenye Linux, jaribu Ulauncher, au Rofi kama mashine imezeeka. Watumiaji wa KDE wana KRunner tayari, wabonyeze Alt na F2 waone.

Usisakinishe viwili kwa pamoja. Sababu utaiona kwenye kidokezo cha 4.

3. Ingia kwa lango kuu

Wanyarwanda wameuita mfumo wa huduma za serikali mtandaoni Irembo, yaani lango la kuingilia nyumbani. Mgeni mwema hupitia langoni. Programu nayo ichukue kwenye tovuti ya wenyewe au kwenye duka la Microsoft, si kwenye zile kurasa zenye vitufe vitano vya kijani vyote vimeandikwa "pakua". Kati ya hivyo vitano, kimoja ni cha kweli na vinne ni ugonjwa.

Njia ninayoipenda mimi kwenye Windows ni kufungua dirisha la amri na kuandika mstari mmoja:

winget install Flow-Launcher.Flow-Launcher

au

winget install Microsoft.PowerToys

Kompyuta inaleta toleo halisi yenyewe. Kwenye Ubuntu, `sudo apt install rofi` inatosha. Angalia bando kabla hujaanza: PowerToys ina uzito unaozidi MB 200, kwa hiyo ni kazi ya Wi-Fi, si ya bando la saa moja. Kama una kompyuta tatu dukani, pakua faili mara moja, uiweke kwenye flashi, usakinishe zote.

4. Chagua vitufe vya kuitia, na uangalie kibodi yako

Hapa ndipo Kigali ina kisa chake. Baadhi ya kompyuta za mtumba zinatoka Ubelgiji na Ufaransa, na kibodi zake ni zile za AZERTY: A imekaa mahali pa Q, Z imekaa mahali pa W, M imehamia karibu na L, na ukitaka namba za juu sharti ushike Shift. Dukani kwa dada mashine moja ni AZERTY na ya pili ni QWERTY. Ukichagua njia ya kuitia yenye herufi, vidole vitakosea kila ukihama kiti.

Kwa hiyo tumia kitufe kirefu cha nafasi, ambacho kiko pale pale kwenye kibodi zote duniani. Alt na nafasi ndiyo chaguo la kawaida la PowerToys Run na la Flow Launcher pia; ndiyo maana nilisema usiweke zote mbili, zitagombania mlango mmoja. Ulauncher hutumia Ctrl na nafasi. Kama unaishi ndani ya Excel au LibreOffice Calc, ibadilishe, kwa sababu humo vitufe hivyo huchagua safu nzima ya wima.

Kitufe cha Windows pamoja na nafasi usikiguse: hicho hubadilisha mpangilio wa kibodi. Siku ukiandika "kazi" ikatokea "kqwi", usimwite fundi. Bonyeza hivyo viwili tena, herufi zitarudi makwao.

5. Kiamke pamoja na kompyuta

Kizinduzi ambacho ni lazima ukifungue kwa kipanya kila asubuhi utakisahau kufikia Jumatano. Ingia kwenye mipangilio yake, uweke alama mahali panaposema kianze pamoja na mfumo.

Ukiwa hapo, punguza wengine wanaoamka nacho. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye orodha ya programu zinazojiwasha. Dada alikuwa na tisa, zikiwamo mbili za mashine ya kuchapa iliyokwishakufa zamani. Tulizizima sita. Kompyuta iliyokuwa inakohoa dakika nzima asubuhi sasa inaamka na kusimama.

6. Kipe kila kitu jina unaloliita wewe

Kidokezo hiki kisome mara mbili, kwa maana vingine vyote vinakiandalia njia.

Mashine ya dada inaongea Kifaransa. Ndivyo ilivyonunuliwa, na hakuna aliyethubutu kuibadilisha. Yeye mwenyewe huongea Kinyarwanda nyumbani, Kiswahili na wateja wengi wa barabarani, na Kifaransa cha shule anachokikumbuka nusu. Kwa miaka mingi amekuwa akiitafuta programu kwa kukariri picha yake na kona inapokaa. Picha ikihama, programu imepotea.

Kizinduzi hakijali programu inaitwaje na walioitengeneza. Kinasoma jina la njia ya mkato, na jina hilo ni lako kulibadilisha. Fanya hivi kwenye Windows:

Bonyeza kitufe cha Windows na R. Andika `shell:programs`, kisha Enter. Folda itafunguka, humo ndimo vizinduzi vinamochungulia. Nakili humo njia ya mkato ya programu unayoitumia, bonyeza F2, uiite upendavyo. Word ikawa "barua". Excel ikawa "hesabu". Programu ya kuskani ikawa "skani kitambulisho", kwa sababu ndiyo kazi inayofanya hapo dukani.

Tovuti nazo zinaingia. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya ndani ya folda hiyo, chagua kutengeneza njia mpya ya mkato, bandika anwani ya ukurasa, uipe jina. Ukurasa wa Irembo ukawa "cheti". Ukurasa wa kutangaza kodi wa Mamlaka ya Mapato ya Rwanda ukawa "kodi".

Hapo dada akanisimamisha. "Lakini mdogo wangu anayekaa hapa mchana hasemi kodi. Anasema imisoro." Basi tukatengeneza ya pili, "imisoro", inayofungua ukurasa ule ule. Njia ya mkato ni bure, kitu kimoja kinaweza kuwa na majina manne na hakuna atakayenuna. Kuhusu barua hatukuhangaika: Kinyarwanda husema ibaruwa, nacho kizinduzi kinatambua hata kipande cha katikati ya jina, kwa hiyo tuliandika "ibaruwa barua" kwa mkupuo mmoja tukaendelea.

Mnaotumia Linux mna njia safi zaidi. Fungua kihariri cha maandishi, uandike haya:

[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Lettre
Name[sw]=Barua
Name[rw]=Ibaruwa
Keywords=barua;ibaruwa;lettre;
Exec=libreoffice --writer
Icon=libreoffice-writer
Terminal=false

Hifadhi kwa jina `barua.desktop` ndani ya folda `.local/share/applications` iliyomo nyumbani kwako. Nukta ya mwanzo ina maana kwamba folda imefichwa, bonyeza Ctrl na H uione. Mistari ile yenye `sw` na `rw` ni Kiswahili na Kinyarwanda: mfumo ukiwekwa kwenye lugha husika, jina linajibadilisha lenyewe. Na mstari wa Keywords unabeba majina yote ya utani.

Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kikundi kizima, ya kutafuta istilahi moja moja. Wewe hutafsiri programu nzima. Unabadilisha majina kumi ya mlangoni, na kuanzia hapo mashine inaitika kwa Kiswahili hata kama ndani bado inanung'unika kwa Kifaransa. Na hapa Rwanda, ambako Bunge lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, sioni kwa nini kompyuta ya dukani ibaki nyuma.

7. Fungua mafaili, piga na hesabu

Ukishazoea kuita programu, anza kuita mafaili. Kwenye Windows kuna programu ndogo iitwayo Everything, ya voidtools, inayosoma orodha ya mafaili ya diski na kukuletea majina kadiri unavyoandika, papo kwa papo. Flow Launcher inaweza kuitumia moja kwa moja.

Lakini faili iitwayo "Document1 mpya FINAL 2" haitaitika, maana hakuna binadamu anayekumbuka kuiita hivyo. Dada sasa anahifadhi kwa mpangilio mmoja: aina ya kazi, jina la mteja, tarehe. Mzee yule angerudi leo, dada angeandika "barua" na jina la mzee, basi.

Hesabu ndogo pia hazihitaji kikokotoo. Andika 37*50 ndani ya kisanduku, jibu 1850 linatokea chini yake. Kwenye PowerToys Run ukianza na alama ya = unaielekeza kwenye hesabu moja kwa moja. Wenye AZERTY, tumieni namba za pembeni kama kibodi inazo. Mtaepuka kushika Shift kila tarakimu.

8. Fanya umuganda wa kioo

Jumamosi ya mwisho ya mwezi nchi nzima tunatoka asubuhi na majembe na mafagio. Mkirudi, kabla ya kulala usingizi wa mchana, kifagie na kioo cha kompyuta.

Kuna kosa moja la kuepuka. Aikoni yenye mshale mdogo kwenye kona ni njia ya mkato tu. Ukiifuta, programu inabaki salama. Isiyo na mshale ni faili lenyewe, ukilifuta limekwenda. Kati ya zile aikoni 61 za dada, 23 zilikuwa barua, vyeti na picha za wateja. Hizo tulizihamishia kwenye folda ya nyaraka, moja moja. Za mshale tulizifuta bila huruma.

Kama bado una woga, usifute chochote. Bofya kitufe cha kulia mahali patupu kwenye kioo, nenda kwenye chaguo la mwonekano, ondoa alama ya kuonyesha aikoni. Zote zinajificha, hakuna iliyokufa. Kaa hivyo wiki moja uone kama utazikumbuka.

9. Siri za watu zisichungulie

Uzuri wa kizinduzi ndio ubaya wake: ukiandika herufi moja, kinapendekeza yote yanayofanana. Kwenye kompyuta ya duka hiyo ina maana mteja aliyeegemea kaunta anaweza kusoma majina ya barua za talaka, maombi ya kazi na hati za viwanja za majirani zake. Rwanda ina sheria ya kulinda data binafsi, namba 058/2021, ya Oktoba 2021. Hata bila sheria, Gahanga si kubwa kiasi hicho. Habari hufika nyumbani kabla yako.

Fanya mambo matatu. Punguza idadi ya matokeo yanayoonyeshwa, manne yanatosha. Zima historia ya vilivyonakiliwa kama kizinduzi chako kinayo, kwani humo hujificha nywila. Na kila ukiinuka kwenye kiti, hata kama ni kufuata chai tu, bonyeza kitufe cha Windows na L ili kioo kijifunge. Wateja wanaojihudumia wenyewe wafungulie akaunti yao tofauti.

10. Andika kwenye karatasi, ujipe wiki mbili

Siku mbili za kwanza utachukia. Mkono utakimbilia kipanya wenyewe, kama mtu aliyehama nyumba anavyojikuta kwenye kituo cha basi cha zamani. Ni kawaida.

Kata kipande cha karatasi, andika majina matano unayoyaita sana, ukibandike chini ya kioo. Cha dada kimeandikwa kwa kalamu nyekundu: barua, cheti, kodi, skani, hesabu. Mdogo wake ameongeza kwa penseli: imisoro. Karatasi hiyo ni mafunzo ya kazi kwa yeyote atakayekaa kwenye kiti hicho.

Nilipita tena juzi kutoa fotokopi ya kitambulisho. Kioo kilikuwa na aikoni nne. Kabla sijamaliza kutoa kitambulisho mfukoni, dada alikuwa ameshaandika "ska" na dirisha liko wazi. Kompyuta ni ile ile, RAM ni ile ile ya GB 4, na bado inaongea Kifaransa.

Kwa hiyo usiku wa leo usipakue kitu kwanza. Chukua kalamu, andika vitu vitatu unavyovifungua kila siku, na mbele ya kila kimoja andika jina ambalo ungelitamka kama ungekuwa unamwagiza mtoto akuletee. Majina hayo ndiyo kazi yenyewe. Kizinduzi chochote utakachochagua kesho kitayafuata.